Koti la Lavonne

Darlene, nimefanya jambo baya na wala sikujua.

Ile sanamu ya kutishia watoto usiku wa Halloween niliyoijaza nyasi kavu nikaikalisha barazani kati ya maboga, nimeivalisha koti la kijani nililolipata kwenye mitumba ya kanisani. Kumbe lilikuwa la Lavonne. Lavonne, marehemu mke wa jirani yangu Orville, tuliyemzika mwezi wa tano.

Sasa hivi Orville amepita na mbwa wake. Akasimama. Akasema, "Lavonne, unakaaje nje na baridi hii?"

Ndivyo alivyosema, shoga. Unakaaje nje na baridi hii.

Halafu akauona uso wa gunia.

Nikatoka mbio. "Nisamehe ndugu yangu, sikujua. Naivua koti sasa hivi."

"Iache."

Akapanda ngazi, akafunga vifungo vya lile koti kimoja kimoja mpaka shingoni. "Kila siku nilimwambia afunge koti," akasema. "Ananijibu, niache, unanisumbua kama bibi kizee."

Akacheka kidogo, kisha akamvuta mbwa wakaenda zao.

Nimetoa blanketi ndani, nimeifunika ile sanamu magoti. Usinicheke, Darlene.