Mjusi wa Kitura na Jina la Ugenini

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, kama huko mliko watu hukaa. Mjusi wetu amepatikana! Yule wa miti, mwenye koo la rangi ya machungwa na mstari wa kijani mgongoni, tuliyemkamata Kitura kwenye mkuyu ulio juu ya mashimo ya ngolo, shamba la mteremkoni la baba yangu mdogo. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na wewe ulipanda mti na viatu vyako vya kanisani. Juzijuzi nilipiga kelele maabara mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Najua ungenikatiza hapa: "Utaratibu, binti, utaratibu." Haya, nianze mwanzo.

Siku zile spiriti haikupatikana, hata sabuni ilikuwa kwa foleni. Ukanunua gongo kwa mama mmoja Kitai ukamtia mjusi ndani, na wazee wa parokia wakakuita kikaoni kuhusu ulevi. Ukawajibu tu kwamba mnywaji mwenyewe yumo chupani. Lebo ukaifunga mguu wa nyuma kwa lile fundo la nyavu alilokufundisha baba yako ziwani, mizunguko miwili na uzi unarudi chini. Padri aliyekuwa anakwenda likizo kwao Ulaya akaibeba chupa kuipeleka makumbusho. Ulingoja jibu miaka saba, ukijifanya unapita posta kwa shughuli nyingine. Ukafa hujajibiwa.

Mwezi uliopita akaja Dokta, mama mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu. Siku hizi wageni wanakuja, Mwalimu. Maduka yamejaa, kahawa inanunuliwa na yeyote mwenye lori, na spiriti naipata Mbinga mjini bila kumwomba mtu. Dokta alisomea ng'ambo, kazi yake ni mijusi wa miti wa Amerika Kusini. Akaniambia kuna mmoja anamnyima usingizi. Yumo kwenye orodha ya huko, amepewa jina la Kilatini la mto mmoja wa huko, lakini tangu aandikwe hakuna aliyemwona tena. Na meno yanakataa. Wale wa Amerika Kusini meno yao yameegemea upande wa ndani wa taya. Ya huyu yameshikana na ukingo wa juu wa mfupa, kama ya wale wetu wanaotikisa vichwa juu ya mawe. Ndiyo maana amekuja kutafuta huku.

Kisha akatoa picha ya huyo mmoja, iliyopigwa makumbusho Ulaya. Mjusi mkavu, lebo nyeupe isiyo na neno, na kwenye mguu wa nyuma, fundo.

Fundo lako, Mwalimu! Nililia huku nacheka. Nikakimbia stoo nikarudi na chupa ya pili, ya yule mwenzake uliyewaachia wanafunzi, na lebo yako ya penseli inasomeka mpaka leo: Kitura, mkuyu, jina lako. Dokta akamfungua kinywa kwa sindano, akatazama meno, akahesabu magamba, akahesabu tena. Halafu akanikumbatia na gauni lake likanuka gongo yako.

Sasa lile zito. Lebo ya chupa iliyokwenda Ulaya niliiandika mimi. Ulinipa penseli, ukasema wino hauaminiki. Mimi nikaona penseli ni ya watoto wa darasa la kwanza, na chupa inakwenda kwa wakubwa. Nikatumia kalamu ya wino. Gongo ikaulamba wote, na kule chupa isiyo na maneno ikapangwa pamoja na kreti iliyotoka Amerika Kusini. Nilikuwa sijui mpaka nilipoiona ile lebo tupu. Ulingoja miaka yote ile kwa ajili ya maringo yangu. Nisamehe. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo.

Nikamwomba Dokta ampe mjusi jina lako. Haiwezekani. Sheria yao ni kwamba jina la kwanza likishachapishwa linabaki, hata likiwa na uongo ndani. Mjusi wa Kitura atabeba milele jina la mto asioujua. Nilinuna siku mbili nzima. Lakini sikiliza: Dokta anamwandika upya. Amemtoa katika ukoo wa Amerika Kusini, amemrudisha kwa ndugu zake. Mahali alipotoka: Kitura, Mbinga. Aliyemkusanya: wewe, majina yote matatu, pamoja na lile la ubatizo ulilokuwa unalificha!

Nakala ya andiko lake ikifika nitashuka nayo ziwani, nimsomee mama, mkeo, nyumbani kwako, kisha nije kaburini nikusomee na wewe, meno na magamba yote, bila kuruka mstari.

Wanafunzi wangu wanafunga fundo lako, na nakuahidi hakuna atakayegusa lebo kwa kalamu ya wino nikiwa hai. Pumzika sasa, Mwalimu, jibu lako limekuja.

Barua hii nimeiandika kwa penseli.

Binti yako wa maabara