Cucu Ciarunji Yuko Kitandani Kwangu

Gachoka,
Jumanne mchana

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Wewe na hayo magoti yako mnaendeleaje? Natumaini mvua imefika huko Nkubu na majani chai yamechipua. Mimi ni mzima, ila joto la huku Mbeere limenikondesha kidogo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako huisikiliza kwa spika, na habari zangu zinafika sokoni kabla yako. Dada Makena alinipa ujumbe wako: nimtoe yule bibi chumbani mwangu, ama nifunge virago nirudi nyumbani. Kabla hujanijibu, soma kwanza nilivyofika hapa.

Nilipokuja kufundisha huku, jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilinifanya katibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Kila Alhamisi tunasali katika nyumba moja, kwa zamu. Niliandika orodha nikifuata njia, boma kwa boma, nikamtia na Cucu Ciarunji (huku bibi mzee huitwa Cucu), mjane tunayepakana naye kwa ua wa miiba. Niliisoma mbele ya watu Jumapili moja, wakaanza kutazamana. Mama Njoki, mwenyekiti wetu, akanivuta kando.

"Mwalimu, hiyo boma tunarukanga. Iko na kirumi. Mama mkwe wake alimlaani akikata roho, na watoto wake wote watatu wakaisha. Ukiingia huko, unatoka nayo."

Nikachukua kalamu nikalikata jina lake. Mimi, ambaye Jumapili hiyo hiyo nilikuwa nimewafundisha watoto kumpenda jirani! Naona haya hata kukuandikia.

Kesho yake, Jumatatu, saa saba mchana, nilikuwa nimerudi kula. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati na hakukuwa na mtu njiani. Nikasikia, "Kendi!" Mara moja tu, kutoka upande wa kwa Cucu. Mama, hapa hakuna anayejua jina hilo langu la nyumbani. Kwao mimi ni Mwalimu, au Madam Lucy. Nilibaki na kijiko mkononi. Ulitufundisha tukiwa wadogo kwamba anayekuita mara moja bila kuonekana si mtu, na usiitike mpaka aite tena. Sikuitika.

Jumanne, saa ile ile: "Kendi!" Kuku waliokuwa wakiparua wakaacha. Jumatano nilichungulia nje nikaona mbuzi wa jirani wamesimama, wote wanaangalia lango la Cucu, hata mmoja hatafuni. Niliogopa, sitakuficha. Nilifunga mlango nikaanza rozari, na katikati yake nikakumbuka kitu kilichonitia baridi na jua lote lile: sikuwa nimeona moshi jikoni kwa Cucu tangu Jumapili. Hata hivyo sikutoka. Niliimaliza rozari, nikarudi shuleni.

Alhamisi nilisimama uani nikingoja. Sauti iliponiita, niliitika "Naam!" kwa sauti ya mtoto aliyechelewa kutumwa, nikazunguka ua mbio. Mlango wake ulikuwa umeegeshwa. Cucu alikuwa sakafuni kando ya mafiga, mdomo umevutwa upande, midomo imepasuka kwa kiu, na jerikeni ya maji hatua mbili kutoka mkono wake. Nilimnywesha kwa kijiko huku nalia. Nikamuuliza jina langu amelijulia wapi. Alinitazama tu.

Muuguzi wa zahanati alipokuja na kumpima, nilimweleza kwamba ameniita siku nne.

"Huyu? Hapana, Madam. Hii ni stroko, kiharusi, sauti imeenda yote. Hangeweza kuita mtu."

Ni nani aliyekuwa akiniita sijui, na sitajifanya najua. Tangu siku hiyo sauti ile haijaita tena.

Hospitali walikaa naye wiki moja, wakamrudisha wakisema hana siku nyingi. Kwake hakuna mtu, kwa hivyo nilimlaza kwangu. Siku ya tatu ulimi ukalegea kidogo, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Usinitoe nje." Akalirudia mpaka akachoka.

Mama Njoki ndiye aliyenifafanulia, akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Zamani huku, mtu akikaribia kufa alibebwa akapelekwa vichakani ili kifo kisibaki nyumbani. Mama mkwe wa Cucu alibebwa hivyo, akiwa bado anaongea, akiwasihi. Cucu alikuwa bibi arusi mdogo. Yeye ndiye aliyeambiwa ashike miguu.

Halafu Mama Njoki akaingiza na mguu wa pili, akaenda moja kwa moja kukoroga uji.

Sasa mwenye ploti anakuja kila siku. "Madam, akifia hapa nani atakodisha hii nyumba tena? Mrudishe kwake mapema." Na wewe unaniambia yaleyale, tena kwa kunipenda, najua. Lakini kumrudisha kwenye nyumba tupu ni kumshika miguu na kumpeleka vichakani. Ninaogopa, Mama. Kuna wakati anaangalia kona ya chumba na kutikisa kichwa kama anayemkatalia mtu, nami huwa sigeuki kuangalia. Namshika mkono tu, mpaka aache.

Nisalimie kaka Mutuma na ng'ombe wake, na shangazi wa Kinoru anayeuza mboga, mwambie sukuma za huku ni majani ya kulishia sungura. Msalimie na mjomba katekista, lakini barua hii asiisome kanisani.

Najua kila jioni unaniombea nitoke hapa salama. Nakuomba ubadilishe hayo maombi. Niombee nisitoke.

Ni mimi mwanao mkaidi,
Kendi