Ungo Mchana Kweupe

Jumatano, 7 Julai 1999
Nepi zimekauka kwa upepo tu, jua halina nguvu. Neema kanyonya usiku kucha. Sabasaba, kwa hiyo mume wangu Deo kafunga kibanda chake cha kutengeneza redio. Jioni tukaenda mashambani Izia, mahindi yameshavunwa, uwanja mweupe. Kindege chake cha kuchezea hakina injini. Unakirusha kwa mkono ili kipande juu, halafu yeye anakiongoza kwa rimoti kielee. Rimoti aliachiwa na mzungu aliyekuja kujenga barabara, mbawa kachonga mwenyewe. Bega la Deo bovu tangu aanguke na baiskeli, harushi kwa nguvu. Kinafika usawa wa paa, kinashuka. Akasema jaribu wewe. Nimechoka, lakini yale macho yake. Nikajaribu. Puu, chini.

Ijumaa, 9 Julai
Kurusha kama mkuki siwezi. Maziwa yamejaa, kifua kinauma. Leo nikashika ncha ya bawa, nikazunguka mwili mzima, nikaachia. Deo akapiga kelele, ncha itavunjika! Haikuvunjika. Kilipanda hadi kikawa kama mbayuwayu. Neema kamaliza titi la kwanza, nikamhamishia la pili, bado kiko juu. Kilipotua, Deo akanibeba na mtoto wangu palepale shambani. Mjinga. Nampenda.

Jumapili, 11 Julai
Deo kaharibu. Kibandani kawaambia wenzake, "Mke wangu anarusha ungo mchana kweupe!" Utani. Mji gani huu wa kutania ungo wa wachawi? Jina lenyewe la Sumbawanga, kwa Kifipa, ni tupa uchawi: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Baada ya misa wanawake wa mtaa wa Kizwite wamenisalimia kwa mbali. Nimemnunia Deo.

Jumatatu, 12 Julai
Mama mkwe kaja kutoka kijijini Mollo na maharage, uso umekunjamana. Shikamoo yangu kaiitikia nusu. Habari imemfikia. Anataka kindege kichomwe, la sivyo anaondoka na Neema akamlee yeye. Deo anachezea nyaya. Nikasema, "Mama, nakuheshimu. Mtoto ananyonya, haendi popote. Na kindege hakichomwi kabla hujakiona." Ugali wangu ulikuwa madonge matupu.

Jumanne, 13 Julai
Nimempeleka mchana, watu waone. Kwanza nikampa akishike. Akakigeuza, akakinusa.
"Mbona chepesi hivi? Kinakula nini?"
"Betri, Mama," Deo akajibu.
"Kama wewe. Unazimaliza zote kwenye redio."
Neema nikamwachia Mama, nikazunguka, nikarusha. Mwewe wawili walikuwa wakizunguka angani bila kupiga bawa. Deo akakipeleka chini yao, hewa inapopanda. Kikapanda nao! Mama kaangalia juu mpaka kilemba kikadondoka. Wachunga ng'ombe wamesimama, midomo wazi. Kilipotua nilidhani sasa ndiyo hukumu. Mama akaniambia kwa ukali, "Sumba tena." Wachungaji wakacheka. Akawageukia, "Mnacheka nini? Mkwe wangu huyo. Nani kati yenu ana mkono kama ule?"

Jumatano, 14 Julai
Mama kaondoka asubuhi. Kabla ya hapo kamwogesha Neema mwenyewe, kamweka mgongoni kwangu, kamfunga kwa kitenge chake na kukaza fundo. La kumchukua hakuligusa. "Kula vizuri, unyonyeshe," basi, akashika njia.

Bega langu linauma kwa kurusha jana. Deo anapika leo. Kitenge kina harufu ya moshi wa Mollo, na Neema kalala humo. Sijamfungua.