Nilimjibu Kwamba Ipo

Mfaume, salamu utanidai siku nyingine. Nimetoka bomani sasa hivi.

Bi Mwanaheri, mama yake Salumu, amekuja kutoka Kiswere kumuuliza Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kama mwanawe aliyepotea vitani Burma atarudi. Mkalimani nilikuwa mimi.

Bwana Shauri akasema, "A slim chance." Yaani nafasi ndogo; Wazungu wakisema hivyo, Mfaume, wanakuambia kwa adabu kwamba usingoje.

Nami nikasema nini? Nikasema, "Nafasi ipo, mama." Udogo wake nikaumeza.

Akaniuliza, "Ipo?"

Nikamjibu, "Ipo."

Ipo! Nimesema mimi, kwa mdomo wangu, tena mara mbili.

Hakulia. Alisema basi hitima ya Ijumaa isisomwe, mtu hasomewi hitima naye yu hai. Bwana Shauri akataka kujua mama anasema nini. Nikamwambia anashukuru.

Hata sijui kwa nini nilisema anashukuru.

Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Unaikumbuka ile kanzu ya Salumu aliyonipa mama huyu mwezi uliopita, sadaka ya marehemu? Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, usinione vibaya, nirudishie. Mwenyewe akija atavaa nini?"

Nikamwambia, "Nitakuletea kesho, mama."

Sasa niko nyumbani, nimeitoa sandukuni. Nilikuwa sijaivaa hata siku moja. Kifuani kishikizo kimoja kilikuwa kimekatika.

Nimekishona.