Siku ya Kubandua Mabango

Winson Green, Birmingham
17 Mei

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi yote ya mtoto wako wa kwanza. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Milka ameniandikia kwamba umepanda viazi mapema na kwamba bado unabishana na redio, nikamshukuru Mungu, maana mtu anayebishana na redio ni mzima. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Tevin ameng'oka jino la mbele na analionyesha pengo lake kanisa zima. Ukimsemesha Kiswahili bado anakujibu kwa Kiingereza, ila ukitaja chapati anaelewa mara moja.

Milka amenieleza na lile jambo lingine, kwamba Jumapili bado unabaki nyumbani. Baba, huu ni mwaka wa tisa. Tangu ukose kile kiti cha wadi hujakanyaga kanisani wala sokoni Nkubu, na kwaya uliyoifundisha kwa mkono wako sasa inaimba ovyo. Ulituapisha mimi na Milka tusiguse siasa maishani, nasi tukaapa. Ninachotaka kwa barua hii ni kimoja tu: utoke nje. Najua ninajitia ujasiri. Kwa hiyo nivumilie kwanza nikupe habari za mzee ninayemtunza.

Anaitwa Profesa Reinhold Askamp, Mjerumani wa miaka themanini na sita. Anaishi Sutton Coldfield, kwa watu wenye nyasi zilizonyolewa vizuri, nami hupanda treni kwenda kwake asubuhi nne kwa wiki. Alimfuata mkewe Mwingereza huku, mke akafariki, akabaki na vitabu. Baba yake alikuwa fundi viatu. Yeye akasomea lugha zilizozaliwa na Kilatini, yaani Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano na Kiromania, akazifundisha chuo kikuu mpaka nywele zikaisha. Nilipomuuliza kama hizo zote hazimtoshi, alisema anajuta kwamba hakuwahi kujifunza Kiswahili. Basi namfundisha huku nikimfunga vifungo vya shati. Akikosea ananung'unika, nami namcheka waziwazi, naye ananiita mwalimu mkali.

Siku moja alinieleza kwamba alipopita miaka arobaini aliingia siasa, kwa sababu serikali ya jimbo lao ilitaka kufunga shule ndogo za vijijini kama ile aliyosoma yeye. Akakaa kwenye bunge la jimbo miaka kumi na miwili. Mimi niliposikia bunge nikasimama wima, nikaanza kumwita mheshimiwa, na macho yangu yakatafuta ukutani picha ya msafara wa magari na walinzi. Alicheka hadi akakohoa. Akasema alikuwa akienda bungeni kwa treni, mkate wake mfukoni.

Kisha alishindwa. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini kama niko matangani, alikwenda kujificha wapi. Hakulielewa swali langu. Alisema kesho yake asubuhi aliazima ngazi. Kwao, Baba, mgombea na watu wake ndio wanaoondoa mabango baada ya kura, washinde wasishinde. Akazunguka mji siku mbili akiushusha uso wake mwenyewe kutoka kwenye nguzo za taa. Nikamwambia kwetu kazi hiyo tumewaachia mvua na mbuzi. Alikiri kwamba kwenye nguzo ya kwanza aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini kufika nguzo ya kumi, mwoka mikate wa mtaa akaja kumshikia ngazi, na kufika jioni ya pili alikuwa amesalimiana na karibu kila mtu. Siku ya tatu alirudi darasani, akafundisha miaka mingine kumi na mitano. Anasema hiyo ndiyo iliyokuwa mitamu kuliko yote.

Sasa Baba, kama umesimama, keti. Nimevunja kiapo. Profesa ndiye aliyegundua kwamba Mkenya kama mimi, kwa kuwa tuko Jumuiya ya Madola na nina kibali cha kudumu, naruhusiwa kugombea udiwani hapa. Nikajiandikisha kama mgombea huru, kwa ajili ya kivuko cha watoto kwenye barabara ya shule ya Tevin. Sikukuambia kwa sababu nilikuogopa. Milka alijua, lakini nilimkataza kusema, kwa hiyo usimgombeze.

Nilishindwa, Baba. Tulikuwa wagombea saba, nami nikawa wa sita.

Yalipotangazwa matokeo nilitamani kujifungia ndani wiki nzima. Ndipo nilipojua ulichokibeba miaka hii yote, na nikakulilia wewe kuliko nilivyojililia mimi. Kesho yake nikamshika Tevin mkono, tukapita nyumba kwa nyumba kuondoa picha zangu madirishani na kusema asante. Mlango wa kwanza nilibisha kwa kidole kimoja tu. Wa tatu ulikuwa wa Mama Swaran, Mpunjabi aliyezaliwa Nakuru. Alikataa katakata kunirudishia picha, akasema iko sawa hapo hapo, na kwamba nikigombea tena yeye ndiye atasimamia kampeni. Hakuniacha niende mpaka nikanywa chai. Nilirudi nyumbani nimeshiba chai za watu, na moyo mweupe.

Mimi nilipata kura mia mbili na kumi na nne, na kila mlango niliofunguliwa niliushukuru. Wewe ulipata elfu moja na mia tatu. Hao watu bado wako Nkubu, Baba. Wengine wanaketi kwenye mabenchi ya kanisa lako kila Jumapili. Walikupa kura zao, na mwaka wa tisa huu hawajasikia asante kutoka kinywani mwako.

Msalimie sana Milka, na wote wanaoniulizia. Profesa naye anakusalimu, na ameniagiza nikuulize goti lako linaweza kupanda ngazi. Mungu akulinde na akutoe nje.

Ni mimi, binti yako na mshindwa mwenzako,
Kendi