Firigisi ya Baba Raudha

Tunduma, 9 Agosti 1997

Baba Raudha, mume wangu,

Nakusalimu sana. Raudha aliumwa tumbo siku tatu, ila sasa anacheza.

Kosa ni langu. Uledi, dereva mwenzako, alisema unarudi Alhamisi kutoka Ndola, nikachinjisha jogoo. Nilimkatakata huku natazama malori barabarani, na kisu kilekile, bila kukiosha, nikakatia kachumbari. Nesi alinigombeza! Siku hizi kuku mbichi ana kisu chake na ubao wake, na sigusi nyanya kabla ya kunawa kwa sabuni.

Hukuja. Firigisi ni ya baba wa familia, nikakufunikia kwenye bakuli mpaka ikaharibika.

Jana nilichinjisha mwingine. Uledi akapita, nikambana, akasema siku hizi unalala Nakonde. Nakonde, Baba Raudha! Mabati yake nayaona nikiwa jikoni.

Bado nikisikia honi nageuka.

Chakula kilipoiva, Raudha aliuliza kama firigisi tuifunike. Nikamwambia, "Kula wewe, mwanangu."

Mkeo wa upande huu wa mpaka,
Zuleha