Swali la Moyo, Jibu la Mizizi

4 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mguu wa kushoto unanikumbusha umri. Wewe je, wanafunzi hawajakumaliza?

Matokeo ya mtihani wa majaribio wa baiolojia yametoka. Nimepata kumi na moja kwa mia. Usicheke. Nilikariri majibu ya mwaka jana, la kwanza hadi la kumi, kama wimbo. Kumbe maswali wameyapangua, na mimi nikianza katikati sifiki popote. Nikayashusha majibu kwa mpangilio wangu. Walipouliza moyo, nikawapa mizizi ya maharage.

Mtihani wenyewe ni Novemba. Chuo cha uuguzi kwa umri wangu mwakani ndio mwisho wa kupokelewa. Nikifeli, nitafua shuka za hospitali mpaka nistaafu. Basi nitakariri mara mbili zaidi. Sitaki watu waseme mama wa mwalimu hajui kitu.

Mama yako

19 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, wananimaliza polepole. Pole na mguu.

Nimecheka, nisamehe. Mizizi, mama!

Ukikariri mara mbili utakosea mara mbili. Ukimaliza ukurasa, funika kitabu, umweleze mtu asiyejua. Utakapokwama, hapo ndipo pa kurudia. Na usinisomee mimi. Mshahara wangu haupandi kwa baiolojia yako. Wewe mwenyewe unataka kujua nini?

Binti yako

7 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Kimya changu kilikuwa cha kununa. Mtoto amfundishe mama kusoma! Halafu nikasema, liwalo na liwe.

Tukikunja shuka nikamweleza mwenzangu wa pasi habari za figo: zinachuja damu, uchafu unatoka na maji. Akaweka pasi chini. "Sasa kama zinatoa maji kutwa kucha, mbona hatujakauka?" Jibu lilikuwa kwenye daftari langu, nimelikariri, ila sikujua kwamba ni jibu la kitu. Jioni nikasoma kwa hamu: maji karibu yote figo huyarudisha mwilini! Kesho yake niliwahi kazini nimpe habari.

Uliniuliza nataka kujua nini. Miaka kumi na tisa shuka za wodi ya wazazi zinanifikia na damu. Nafua, lakini sijui mwenye shuka alipatwa na nini, wala kama alipona. Nimechoka kutojua.

Mama yako

28 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nina wanafunzi arobaini na wawili, na hakuna aliyewahi kuniuliza mbona hatukauki. Huwa nawapa majibu kabla hawajauliza. Kosa ni langu, nitalirekebisha.

Binti yako

16 Januari

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa hao arobaini na wawili. Afya njema kabisa.

Nimepata B. Chuo wamenipokea, naanza Machi.

Najua utalalamika: matokeo yametoka Jumanne, leo Ijumaa, simu ninayo, na bado nakuandikia barua itakayochukua siku zake. Nilitaka kukupigia, nikaghairi. Nikaenda kazini, nikakunja shuka nikicheka peke yangu mpaka wakaniulizia daktari. Furaha zangu zote miaka hii zimekuwa za kwako: umefaulu, umeajiriwa, na mimi napiga vigelegele. Nilizipenda, usinielewe vibaya. Ila hii nilitaka nikae nayo kwanza, iwe yangu.

Nimekaa nayo siku tatu. Haya, sasa zamu yako: piga vigelegele.

Mama yako